Steira: je, neno la Kigiriki la «tasa» lina maana ya aliyelaaniwa?

Swali: «Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wa saba tangu niolewe na sijajaliwa mtoto. Kwenye semina ya maombi mhubiri alitusimamisha mbele sisi tusio na watoto, akasema neno la asili la Kigiriki la "tasa" ni steira, na maana yake ni "aliyepokonywa". Akaongeza kwamba Mungu hampokonyi mtu bure, kwa hiyo kila mmoja wetu akatafute dhambi yake au laana ya ukoo. Nimetafuta mpaka nimechoka. Je, neno hilo lina maana hiyo kweli? Na kama utasa ni laana, mbona Yesu alisema heri walio tasa?»

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana umengoja vya kutosha. Hapana. Neno steira halina maana ya «aliyepokonywa», wala «aliyelaaniwa», wala «aliyefungwa». Ni mwanamke, au mnyama wa kike, ambaye hajazaa na watu hawatarajii kwamba atazaa. Neno linaishia hapo. Halitaji sababu, halimtaji mwenye kosa, halina hukumu ndani yake. Mtu akitaka kuongeza hukumu, aiongeze kwa kinywa chake mwenyewe, asikitwike Kigiriki mzigo usio wake.

Nadhani najua mhubiri alikoteleza, na inafaa ulijue kosa lenyewe ili likirudi tena ulitambue. Kigiriki kina kitenzi stereo, kunyima au kupokonya. Paulo anatumia ndugu yake wa karibu, apostereo, anapowaambia mume na mke «msinyimane» katika 1 Wakorintho 7:5. Ukiyasikia stereo na steira kwa haraka, utayaona kama watoto wa tumbo moja. Lakini wataalamu wengi wa historia ya lugha huweka steira katika ukoo mwingine, ule wa stereos, yaani kitu kigumu, kilichoshikamana, imara. Kilatini kina sterilis, Kisanskriti kina stari, na hilo la Kisanskriti ni ng'ombe jike asiyezaa. Ni neno la kale sana, na huenda lilianza zizini kabla ya kuingia chumbani mwa mtu.

Katika tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, ndivyo tunavyolikuta. Katika kitabu cha kumi cha Odyssey, Odysseus anaagizwa awaahidi wafu kwamba atakaporudi kwao Ithaca atawachinjia ng'ombe steira, tena aliye bora kuliko wote alio nao. Angalia hapo: aliye bora. Mfugaji yeyote atakwambia kwamba ng'ombe ambaye hajazaa wala kunyonyesha hunenepa, nyama yake huwa nzuri. Kwa Homer hakuna harufu ya laana katika neno hilo. Na katika Iliad, kitabu cha kwanza, steira ni ule mti wa mbele wa mkuku wa jahazi unaopasua mawimbi, nayo mawimbi yanaunguruma pande zote mbili chombo kinapokwenda. Mti mgumu unaotangulia majini.

Hata hivyo sitaki nikutoe kwenye kosa moja nikutie kwenye jingine. Singependa uondoke hapa ukisema «steira maana yake ni mwanamke imara». Asili ya neno haituambii maana yake kwa mtu anayelitumia leo. Sisi tuna mbuzi wa zizini na tuna mbuzi ya kukunia nazi, na hakuna mpishi wa Tanga wala wa Lamu anayengoja mbuzi yake ilie anapokuna. Maana ya neno iko katika matumizi: nani kalisema, kwa nani, katika sentensi gani. Ndiyo maana mahubiri yanayosimama juu ya mzizi wa neno peke yake huniogopesha, hata yanaponipendeza.

Na yako yanayonipendeza. Philo, Myahudi msomi wa Aleksandria aliyeishi zama za Yesu, alipofika kwa Hana mama yake Samweli alicheza kwa makusudi na sauti za maneno haya. Alisema nafsi iliyoitwa steira si ile agonos, isiyoweza kuzaa, bali ile sterra, iliyo imara na bado ina nguvu zake. Kiisimu si hoja ya kutegemea, Philo alikuwa anafumba mafumbo kama desturi yake. Lakini inaonyesha jambo moja la kihistoria: Myahudi aliyezungumza Kigiriki tangu utotoni, aliyeishi karibu na wakati wa mitume, alisikia katika steira mwangwi wa ugumu na uimara. Hakusikia kupokonywa.

Tuje kwenye Maandiko. Agano la Kale la Kigiriki, ambalo Wayahudi wa Aleksandria walianza kulitafsiri katika karne ya tatu kabla ya Kristo, linatumia steira pale Kiebrania kinaposema akara. Hilo la Kiebrania utalikuta kwa Sara katika Mwanzo 11:30, kwa Rebeka katika 25:21, kwa Raheli katika 29:31, kwa mke wa Manoa aliyekuwa mama yake Samsoni katika Waamuzi 13, na katika wimbo wa Hana. Jirani zetu Waislamu wanalijua pia bila kujua kwamba wanalijua: katika sura ya Maryam nabii Zakaria anasema mkewe ni akir, na herufi za mzizi ni zilezile. Wapo wanaosema akara limetoka katika kung'oa mti na mizizi yake, nao hujenga juu yake mahubiri mazito. Marabi wa kale waliiona sauti hiyohiyo wakaenda upande wa pili kabisa. Walipomsoma Raheli aliye akara walisikia ikari, kiini, shina la nyumba, wakasema Raheli ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba ya Yakobo. Ukimwachia mhubiri mzizi wa neno, atakuletea mti wowote anaoutaka.

Katika Agano Jipya neno steira limo mara 4 bila ubishi: Luka 1:7, Luka 1:36, Luka 23:29 na Wagalatia 4:27. Mara ya 5 ni Waebrania 11:11, nayo inategemea unasoma nakala gani ya kale. Mara 4 si nyingi, kwa hiyo tunaweza kuzipitia zote, na ninakuomba ufungue Biblia yako unaposoma.

Luka anaanza na Zakaria na Elisabeti. Aya ya 6 inasema wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu, wakiendelea katika amri zote bila lawama. Halafu aya ya 7: hawakuwa na mtoto, maana Elisabeti alikuwa steira. Mpangilio huo ni wa makusudi. Luka alijua wasomaji wake wangeuliza swali lilelile alilokuuliza mhubiri wako, nani katenda dhambi, akalijibu kabla halijaulizwa. Angeweza kuanza na utasa, kisha akasema «lakini walikuwa watu wema», kama tunavyosema sisi tukimwonea mtu huruma. Hakufanya hivyo. Haki yao ameitanguliza, utasa ukaja baadaye kama habari nyingine ya nyumba hiyo, sawa na habari ya umri wao.

Nenda aya ya 24 na 25. Elisabeti anashika mimba, anajificha miezi mitano, na anasema Bwana amemwondolea aibu yake. Neno la aibu ni oneidos: lawama, masimango, maneno ya kumchoma mtu. Aibu hiyo iko wapi? Anasema mwenyewe: «mbele ya watu». Kigiriki kinasema en anthropois, miongoni mwa wanadamu. Mbele za Mungu tumekwisha kuambiwa alikuwaje, aya 19 nyuma. Kwa hiyo Luka anatupa mahali pawili, mbele za Mungu na mbele ya watu, na oneidos imeonekana mahali pamoja tu kati ya hapo pawili. Nikiwa na wanafunzi darasani huwaomba wapigie mstari maneno hayo, maana ni rahisi kuyapita.

Sasa aya ya 36, ambayo naipenda kuliko zote. Malaika anamwambia Mariamu kwamba jamaa yake Elisabeti naye ana mimba, na huu ni mwezi wa sita kwake yeye «aliyeitwa tasa». Luka hakumfanya malaika aseme «aliyekuwa tasa». Amemfanya aseme kaloumene, na kitenzi hicho kiko katika hali ya kuendelea: anayeitwa. Hebu ione picha. Mtoto yumo tumboni miezi sita, na majirani wa vilimani pale Yuda bado wanamwita tasa, kwa sababu mama alijificha nao hawana habari. Jina linaendelea kuitwa barabarani wakati ndani ya nyumba jambo limekwisha kubadilika. Steira katika aya hii ni neno la watu. Malaika analitaja kama neno la watu, halitumii kama lake.

Luka 23:29 ndiyo aya uliyoniuliza. Yesu anapelekwa kusulubiwa, wanawake wanamfuata wakimlilia, naye anawageukia: siku zinakuja watakaposema, «Heri walio tasa, na matumbo yasiyozaa». Sitakudanganya kwamba hapa Yesu anausifu utasa. Anawalilia akina mama. Mwaka 70 majeshi ya Kirumi chini ya Titus yaliuzingira Yerusalemu mpaka njaa ikaumaliza mji, na mama mwenye mtoto mgongoni ndiye anayeumia kuliko wote mji unapozingirwa. Luka alikwisha kutuandalia neno hili katika 21:23, «ole wao wenye mimba, na wanyonyeshao» siku zile. Kwa hiyo heri hiyo ni ya huzuni. Lakini itazame kwa upande mwingine. Kama Yesu angeona utasa kuwa alama ya hasira ya Mungu, sentensi hii isingewezekana kinywani mwake. Siku ya hukumu inapoushukia mji, tasa ndiye anayeitwa mwenye heri, wala hahesabiwi miongoni mwa walioileta hukumu hiyo.

Wagalatia 4:27 ni nukuu ya Isaya 54:1, na Paulo anainukuu kwa maneno ya tafsiri ya Kigiriki. «Furahi, wewe uliye tasa, usiyezaa.» Katika Isaya tasa huyo ni mji wa Yerusalemu. Wababeli walikuwa wameubomoa karibu na mwaka 586 kabla ya Kristo, watu wakachukuliwa uhamishoni, mji ukabaki kama mke aliyeachwa. Nabii anamwambia mwanamke huyo aimbe. Ili tuelewe anamfikiria nani, kurasa chache nyuma, katika 51:2, aliwaambia wasikilizaji wamtazame Ibrahimu baba yao na Sara aliyewazaa. Ukikitoa kitabu cha Mwanzo, hapo ndipo pekee katika Agano la Kale la Kiebrania ambapo Sara anatajwa kwa jina. Paulo aliuona uzi huo akaushika: Sara, mji, na kanisa la mataifa lililozaliwa kwa ahadi.

Ndani ya aya hiyo kuna mambo mawili ya kisarufi ambayo hayapaswi kupotea. Hii ndiyo mara pekee katika Agano Jipya ambapo steira anasemeshwa ana kwa ana. Kwingine watu wanazungumza juu yake, hapa anaambiwa wewe, na neno la kwanza analoambiwa ni kufurahi, kabla mtoto hajatajwa. La pili, anaelezwa kuwa he ou tiktousa, asiyezaa. Kigiriki kilikuwa na njia nyepesi ya kusema «asiyeweza kuzaa», na hakikuitumia. Kinaeleza hali iliyopo, kama anavyoonekana sasa, bila kumfungia mlango. Mhubiri mmoja wa karne ya pili, ambaye hotuba yake tunaiita Waraka wa Pili wa Klementi, aliifafanua aya hiyo kwa urahisi: tasa ni kanisa letu kabla halijapewa watoto. Wakristo wa kale walilichukua neno tasa wakajiita wao wenyewe. Nani hujiita kwa jina la laana?

Kuhusu Waebrania 11:11 sitakawia. Papiro ya 46, nakala ya kale ya mafunjo iliyonakiliwa karibu na mwaka 200 na ambayo karatasi zake leo zimegawanyika kati ya Dublin na Michigan, ina neno steira kando ya jina la Sara: kwa imani hata Sara mwenyewe, akiwa tasa, alipokea uwezo. Nakala nyingine kubwa za kale hazina neno hilo, na Biblia yetu ya Union iko upande wao. Kwa vyovyote vile, hapo Sara yumo katika orodha ya mashujaa wa imani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo linalowaumiza dada zetu wengi wanaosoma Biblia kwa Kiswahili, na halitokani na Kigiriki hata kidogo. Linatokana na uzuri wa lugha yetu. Kwa Kiswahili mwanamke anazaa, mbuzi anazaa, mwembe unazaa, na shamba nalo likikubali tunasema limezaa. Kitenzi kimoja kinabeba vyote. Kigiriki cha Agano Jipya kwa kawaida hakifanyi hivyo. Mwanamke anazaa kwa tikto au gennao. Mti hauzai kwa vitenzi hivyo: mti «unafanya matunda», na usipofanya unaitwa akarpos, usio na matunda. Ni maneno ya nyumba mbili tofauti, hayafanani hata kwa sauti.

Ona basi linalotokea. Unasoma Mathayo 3:10, kila mti usiozaa matunda mazuri hukatwa ukatupwa motoni. Unasoma Mathayo 13:22, neno likasongwa na miiba, «likawa halizai». Unasoma Yakobo 2:20, imani pasipo matendo «haizai». Mwanamke ambaye usiku wote amelia kwa sababu hazai, akisikia aya hizo tatu zikisomwa kanisani, atasikia habari zake. Namlaumu nani? Siwalaumu watafsiri, walitumia Kiswahili safi. Ila katika Kigiriki hakuna hata moja kati ya hizo yenye steira. Katika Mathayo 3:10 ni mti usiofanya karpos. Katika 13:22 ni akarpos. Na katika Yakobo, nakala zinazoaminika zaidi zina arge, yaani isiyofanya kazi, iliyokaa bure, na Yakobo anacheza na neno matendo, erga: imani bila erga ni a-erga. Tumbo la mwanamke halimo kabisa katika sentensi hiyo. Ni neno la kibarua aliyekaa kijiweni.

Vivyo hivyo mtini wa Luka 13, ule uliokaa miaka 3 bila matunda, mwenye shamba akataka ukatwe. Nimesikia mfano huo ukihubiriwa kwa wanawake wasio na watoto, na ninasema bila kuuma maneno kwamba ni kumdhulumu mtu. Matunda katika Luka ni toba na matendo yake, Yohana Mbatizaji alikwisha kusema hivyo wazi katika 3:8: toeni matunda yapatanayo na toba. Mtu mwenye watoto 10 anaweza kuwa mtini usio na matunda. Elisabeti, kabla ya Yohana kuzaliwa, hakuwa.

Utaniuliza, na ni haki yako: lakini si kuna aya ambapo kukosa watoto ni adhabu? Zipo, na sitazificha. Katika Mwanzo 20:18 Bwana aliyafunga matumbo ya nyumba ya Abimeleki. Mambo ya Walawi 20 inasema juu ya watu wa ndoa za haramu kwamba watakufa bila watoto. Mikali, binti Sauli, hakuwa na mtoto mpaka siku ya kufa kwake. Nimezirudia aya hizo katika Kigiriki: hakuna hata moja yenye steira. Kwa Abimeleki ni matumbo kufungwa, katika Walawi ni ateknos, asiye na mtoto, na kwa Mikali inaelezwa tu kwamba hakupata mtoto. Na kwa Abimeleki adhabu hiyo ilikuwa ya nyumba nzima kwa kosa lililojulikana, tena iliondolewa mara moja Ibrahimu alipoomba. Hakuna aliyeambiwa akatafute gizani kosa ambalo halikumbuki.

Aya ngumu zaidi ni Kumbukumbu la Torati 7:14, ambapo steira limo kweli: Israeli wakishika agano, hapatakuwa na tasa kwao, mume wala mke, wala katika mifugo. Wahubiri huipenda. Lakini isome yote. Ni ahadi kwa taifa ndani ya nchi yake, pamoja na nafaka, divai na mafuta, wala si kipimo cha kumpima mke wa mtu fulani. Vitabu vinavyofuata vinamleta Hana, mcha Mungu ambaye tumbo lake limefungwa, na mke wa Manoa, ambaye hakuna dhambi yoyote iliyotajwa juu yake. Pia aya hiyo imemtaja mwanamume. Torati yenyewe imesema kwamba mwanamume naye huwa tasa, na semina yako, kama nilivyokuelewa, iliwasimamisha mbele wanawake peke yao.

Kuna aya nyingine yenye steira ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa, Ayubu 24:21. Ayubu anaorodhesha matendo ya waovu: wanaondoa mipaka ya mashamba, wanachukua punda wa yatima, na miongoni mwa maovu yao ni kumtendea vibaya mwanamke tasa na kutomfadhili mjane. Tasa amewekwa hapo kando ya mjane, katika kundi la wale ambao Mungu anauliza habari zao. Dhambi imo katika aya hiyo, lakini ni ya yule anayemwonea.

Na kama Biblia yako ni ile ya Kikatoliki, fungua Hekima ya Sulemani 3:13. Hapo pameandikwa makaria steira, heri aliye tasa, asiyetiwa unajisi, naye atapata matunda roho zitakapokaguliwa. Maneno hayohayo mawili, heri na tasa, yamo baadaye kinywani mwa Yesu katika Luka 23.

Nimalizie na mambo mawili ambayo hukuyauliza waziwazi ila nimeyasikia ndani ya barua yako.

La kwanza, sitakuambia kwamba kwa kuwa Sara na Elisabeti walizaa, basi na wewe utazaa. Sijapewa neno hilo, na nimeona jinsi ahadi za namna hiyo zinavyowageuka watu. Isaka aliomba kwa ajili ya Rebeka, na ukihesabu kutoka miaka 40 alipooa hadi 60 mapacha walipozaliwa, ni miaka 20. Wapo walioomba kwa imani ileile na hawakupata. Isaya, sura mbili tu baada ya wimbo wa tasa, anawageukia matowashi, watu ambao kweli hawatazaa, na hawaahidi mtoto. Anawaahidi, katika 56:5, ndani ya nyumba ya Mungu, kumbukumbu na jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Hiyo nayo ni ahadi, tena haina sharti la tumbo.

La pili, nenda hospitali, na uende na mwenzako. Wagiriki wenyewe wa kale walijua kuuliza swali hilo. Katika maandiko ya kitabibu yanayobeba jina la Hippocrates kuna kipimo cha kumfunika mwanamke nguo na kumfukiza kwa chini, kisha kungoja kama harufu itafika puani, na mwandishi anahitimisha kwamba ikifika, kama hashiki mimba si kwa sababu yake yeye. Kipimo hakikuwa na maana, lakini swali lilikuwa la haki: je, ni yeye? Kitabu cha kumi cha habari za wanyama, ambacho kimehifadhiwa kwa jina la Aristotle, kinaanza kwa kusema sababu huweza kuwa kwa wote wawili au kwa mmoja wao. Leo kuna vipimo vya kweli kwa mume na kwa mke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo hili wakati fulani maishani, wanaume na wanawake. Kukaa mwaka mzima pamoja bila kinga na bila mimba kunatosha kuwa sababu ya kumwona daktari, nanyi mko mwaka wa saba.

Ukikutana tena na mhubiri huyo, mwombe kwa heshima akuonyeshe aya moja, popote katika Biblia, ambapo mwanamke aliyeitwa steira ameambiwa akatafute dhambi yake. Mimi nimezipitia zote kwa miaka mingi nikifundisha, na sijaiona. Kwa hiyo dhambi hiyo uliyokuwa ukiitafuta, acha kuitafuta.